Kijana wa Zombe, Nenda na Uandike

Kijana wa Zombe, dunia ni yako. Usikubali kuambiwa kwamba safari ni starehe ya watalii wenye kamera shingoni, wala kwamba aliyezaliwa huku kwetu mashariki ya Kitui, akalelewa kwa muthokoi na ndengu, kazi yake ni kuusikia ulimwengu kwenye redio. Umetoka katika watu waliovuka nyika kwa miguu kabla barabara hazijachorwa kwenye ramani yoyote. Nenda kama walivyokwenda wao. Kisha fanya jambo ambalo wengi wao hawakupata nafasi ya kulifanya: andika.

Tazama ulikotoka. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya lami, Wakamba wa Kitui walishuka pwani kwa misafara mikubwa, pembe za ndovu mabegani, wakaikata nyika kavu ya Tsavo mpaka wakatokea Rabai na Mombasa. Walirudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Safari hiyo ilidai akili kuliko misuli. Ilikubidi ujue mto upi wa mchanga unaficha maji na uchimbe wapi, umsalimu nani kwanza ukifika kijiji cha watu, na useme lugha gani ukitaka kulala salama. Hao ndio babu zetu. Walikuwa wafanyabiashara, wanadiplomasia na wajuzi wa nchi, na shule yao ilikuwa njia.

Mkubwa wao alikuwa Kivoi Mwendwa. Jina lake lilijulikana kutoka Kitui hadi pwani, na misafara yake iliogopwa na kuheshimiwa. Mwaka 1849 alimpokea nyumbani kwake Mjerumani mmoja, mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametoka Rabai. Kivoi alimweleza mgeni wake habari za mlima mkubwa mweupe ulioko mbele huko, mlima aliokuwa akiujua. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Ukambani, mawingu yalifunguka akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Aliandika. Wasomi wa Ulaya walimbishia, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, lakini maneno yake yalikuwa yameshawekwa kwenye karatasi, na karatasi haikuchoka kungoja. Leo kila mtoto wa shule anajua jina la Krapf.

Na Kivoi je? Aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851, karibu na Mto Tana, akiwa safarini na Krapf huyo huyo. Hatuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa kwa mkono wake. Mtu aliyeijua nchi kuliko wote tunamjua kwa kalamu ya mgeni wake. Hilo linaniuma, na nataka likuume na wewe, liwe uchungu wa kukuinua kitini. Safari isiyoandikwa hufa na msafiri. Ikiandikwa, inakuwa mali ya ukoo mzima.

Usiseme kuandika safari ni jambo la kigeni. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa akimtumikia bwana wa Kijerumani, alifika Urusi na Siberia, akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Masimulizi yake yalichapwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli. Fikiria: Mwafrika wa Mashariki anaitazama Ulaya yenye barafu, anaipima kwa macho yake na kuieleza kwa lugha hii hii unayoisoma sasa. Mwaka 1902 Ham Mukasa aliandamana na Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa kutoka Buganda hadi London kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Mfalme aliugua, sherehe ikaahirishwa, nao wakapata nafasi zaidi ya kutembea na kuuliza. Mukasa alikuwa na daftari. Aliandika kwa Kiganda, na kufikia 1904 kitabu chake kilikuwa kimetafsiriwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Karibu na wakati wetu, Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliandika juu ya kurudi kwake kutoka Afrika Kusini, kuzunguka Kenya na kuvuka kwenda Uganda kuonana na jamaa za mama yake. Andiko hilo, "Discovering Home", lilimpatia Tuzo ya Caine ya fasihi mwaka 2002. Alishinda kwa kusafiri katika nchi yake mwenyewe na kwenda kwa wajomba zake!

Safari ya mtu mmoja inaweza kulisha maelfu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alichukuliwa na jeshi la Waingereza hadi nchi ambayo leo ni Tanzania. Vita ni safari mbaya kuliko zote, lakini hata huko alifumbua macho. Aliwaona Wazaramo wakichonga, akajifunza, akarudi nyumbani na ufundi mikononi. Wamunyu ikawa makao ya wachongaji, na ufundi huo ukatembea hadi Changamwe, Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kiliundwa mwaka 1963. Vinyago vyao vimefika Ulaya, Marekani na Asia. Mutisya hakurudi na utajiri. Alirudi na kitu alichokiona kwa watu wengine akakitamani, na ikatosha.

Ndiyo maana nakwambia, ukisafiri, tafuta watu. Majengo marefu utayaona kwenye simu. Mtu hujulikana kwa kukaa naye. Ukifika Muscat, unaweza kumwamkia mzee "shikamoo" akakuitikia "marahaba" kwa Kiswahili cha Unguja, kwa sababu familia nyingi za Oman zilikaa Zanzibar kwa vizazi, zikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakapokelewa Oman Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970. Keti na mzee huyo. Muulize alipikiwa nini utotoni. Katika saa moja ya kahawa utajifunza historia ya Bahari ya Hindi ambayo hakuna mwalimu aliyekufundisha, na yeye atajifunza kwamba huko bara kuna mahali panaitwa Zombe.

Dada zetu na kaka zetu wako Riyadh, Doha na Dubai sasa hivi. Wanalea watoto wa wenzao, wanalinda milango, wanaendesha magari. Wamekutana na Wafilipino, Wanepali na Waethiopia, wamecheka nao, wamelia nao, wamegawana chakula chumba kimoja. Hiyo ni elimu kubwa, na karibu yote inaishia kwenye ujumbe wa sauti wa usiku wa manane, ambao hupotea simu ikiharibika. Dada uliye mbali unayesoma haya: wewe ni msafiri wa ukoo wa Kivoi. Andika wema uliotendewa na andika dhuluma kama ilivyokuwa, bila kupunguza. Binti atakayeondoka nyumbani baada yako anastahili kujua ukweli kabla hajapanda ndege.

Utaniambia huna pesa. Basi anza karibu. Nenda Endau, upande mlima, uzungumze na wachungaji. Shika barabara ya Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, uitazame mibuyu, halafu panda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ushuke Mombasa ambako babu zako walishuka na pembe za ndovu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kiswahili chako kitakufikisha Kigoma, Bujumbura na Bukavu, na kila mahali utakuta kinaongewa kwa ladha nyingine. Fanya kazi, weka akiba, nenda hatua moja zaidi ya ile uliyoizoea.

Utaniambia hujui kuandika. Anza kwa kuona. Usituambie mji ni mzuri na watu ni wakarimu, kwa kuwa hilo laweza kuandikwa na mtu ambaye hajatoka nyumbani. Tuambie chai ilikuwa shilingi ngapi. Tuambie mwanamke aliyekuonyesha njia alikuwa amebeba nini kichwani. Baada ya Kivoi kuuawa, Krapf alitoroka peke yake porini, akateka maji mtoni akayabeba ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki. Imepita zaidi ya miaka 170 na bado tunaisikia kiu yake, kwa sababu aliitaja darubini na akautaja mtutu. Nguvu ya mwandishi wa safari iko hapo, na haihitaji shahada. Inahitaji macho, adabu ya kumsikiliza mwenyeji, na daftari linaloandikwa siku hiyo hiyo kabla usingizi haujakushika.

Wala usiione aibu lugha yako. Andika kwa Kikamba, andika kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza ukitaka, ila andika ukiwa mtu wa Zombe. Aliyekua akiona ng'ombe wakinyweshwa kwenye shimo la mchanga ataitazama mito ya Rhine au Mississippi kwa jicho ambalo mwenyeji wa kule hana. Atashangaa panapostahili kushangaa. Jicho hilo ndilo unalokwenda kuipa dunia, na hakuna mwingine aliye nalo.

Wahenga walisema tembea uone. Nami nakwambia: ona, kisha tuonyeshe. Leo jioni, kabla hujalala, mtafute mzee mmoja aliyewahi kwenda mbali, iwe ni Mombasa kwa kazi ya bandari au nje kwa kazi ya jeshi. Muulize alipita wapi, alikula nini, na ni nani aliyempa maji alipokuwa mgeni. Yaandike majibu yake kwa tarehe na kwa majina ya mahali. Huo utakuwa ukurasa wako wa kwanza. Wa pili, uuandikie njiani.