Je, Mwandishi Ajipigie Debe?

Ndugu msomaji, wahenga wametuachia methali inayotuponza sana sisi waandishi chipukizi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitaani nako kuna msemo usiopatana nayo hata kidogo: biashara ni matangazo. Nimekaa katikati ya kauli hizo mbili mwaka mzima, nina tovuti yangu ndogo ya hadithi, na wasomaji wake ni rafiki zangu wa shule na dada yangu wa Kashai. Swali langu ni hili: mwandishi akilipa ili asomwe, je, anakiri kwamba kazi yake ni mbovu?

Zamani ningejibu ndiyo. Nilipomaliza kidato cha nne Muleba, niliamini hadithi nzuri hujitafutia njia kama mto Kagera unavyolitafuta ziwa. Lakini hebu tumtazame jirani yetu wa ziwa hilihili, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ilikuja kutoka kitabu mwaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35! Kizuri kile hakikujiuza, kilikaa kikingoja. Basi nikajiambia, kujitembeza si aibu. Machinga naye hutembeza, na shati lake laweza kulishinda la dukani.

Nikatenga shilingi 10,000. Usicheke. Kwa mtu anayeishi kwa kuchapa barua za watu kwenye kibanda mjini Bukoba, hiyo ni pesa. Matangazo ya mtandaoni huuzwa kwa mnada. Unachagua eneo na umri wa watu unaowataka, unataja utatoa kiasi gani, kisha mashine inakushindanisha na wengine wanaowataka watu haohao. Nikachagua Bukoba na Muleba, vijana wa miaka 18 hadi 35. Fedha nikazigawa mafungu mawili, nijaribu matangazo mawili ya hadithi moja.

La kwanza lilisema kweli: “Mjane wa kisiwa cha Bumbire anakataa kuhama. Hadithi ya dakika kumi.” La pili lilisema: “Alichokikuta chini ya kitanda cha marehemu mumewe, hutaamini!” Nikiri mapema: katika hadithi yangu chini ya kitanda hakuna kitu. Kitanda chenyewe hakimo.

La kweli lilibonyezwa mara 27. La uongo mara 140. Nilifurahi mpaka nikalipa chai ya kibanda kizima. Kesho yake nikatazama hesabu za tovuti: wengi wa wale 140 walikaa sekunde chache tu, wakatoka. Kumbe ukiiomba mashine mibonyezo, inakutafutia wepesi wa kubonyeza. Wasomaji hukuwaomba. Nikakumbuka stendi. Nani hajawaona wapiga debe wakijaza viti ili abiria adhani gari inaondoka sasa hivi? Ukishalipa nauli wanateremka mmoja mmoja, unabaki wewe na tenga la kuku. Safari hii abiria aliyedanganywa ni mimi, na mpiga debe ni mimi.

Ningeishia hapo, insha ingekuwa rahisi: uongo haulipi. Lakini juma lililofuata nilikwenda nyumbani Muleba, na kijana mmoja wa bodaboda akanisimamisha.

“Kaka, si wewe wa ile hadithi? Chini ya kitanda kulikuwa na nini?”

“Umeisoma?”

“Yote. Bando lilikata katikati, nikaunga jingine. Kitanda sijakiona.”

“Hakuna kitu, ndugu yangu.”

Akanitazama kama mtu aliyelipia kiti akasimamishwa. Halafu akasema, “Ila yule mama ni bibi yangu mtupu. Naye tumemwambia ahame, hataki.”

Nikamwuliza kama aliliona tangazo la kwanza. “Nililiona,” akasema. “Nikalipita.”

Jamani, hapo ndipo penye fundo. Uongo umeniletea msomaji wa kweli, na ukweli amelipita. Je, uongo umehalalika?

Usiku ule nilifungua hadithi yangu, nikaanza kuweka kitu chini ya kitanda. Kwanza barua. Haikutosha, nikaweka bastola. Mjane wangu, mama mtulivu asiyesema sana, akaanza kupiga mayowe ambayo hajapata kuyapiga. Nikashtuka. Tangazo lilikuwa limeninyang’anya kalamu! Nikafuta yote.

Mwenzangu ataniuliza: hadithi yenyewe si uongo? Mjane hayupo, umemtunga. Kweli. Lakini fanani akisema “Paukwa!”, wasikilizaji hujibu “Pakawa!” Hapo wamekubaliana. Wanajua watadanganywa, na wamekaa kitako kwa hiari yao. Tangazo halina paukwa. Mtu hulisoma kama ahadi, na kwa ahadi hiyo anaunga bando kwa fedha aliyoitolea jasho. Kwamba hatimaye alipenda alichokikuta ni bahati yangu, si haki yangu.

Lakini nisijisifu kwa lile la kwanza pia. Lilikuwa kweli, lakini kweli ya kivivu, kama tangazo la ofisini. Nilidhani ukishasema kweli umemaliza kazi. Kumbe kuipamba kweli bila kuivunja ndiyo kazi yetu hasa, hata katika mstari mmoja.

Mwezi uliofuata nikatoa 5,000 nyingine: “Kila ukoo una bibi anayekataa kuhama. Huyu ni wa Bumbire.” Mibonyezo 46. Si 140, na sitadai kwamba hainiumi. Kwa bajeti ya mnyonge, uongo ni rahisi zaidi kwa kila shilingi. Ndiyo maana unatushawishi sisi zaidi kuliko mwenye fedha.

Basi mwandishi mwenzangu, jipigie debe bila haya, ila usijaze viti. Yule kijana wa bodaboda nilimtumia hadithi yangu ya pili mwenyewe, kwa simu. Kabla ya kuifungua aliniuliza kwanza, “Kaka, hii kitanda kipo?”

Nikamjibu kipo. Aya ya tatu.