Shomoro wa Tano



Mwezi uliopita nilitia sahihi malipo ya fundi aje kuziba matundu kwenye dari ya kanisa. Mnajua vile njiwa walikuwa wakichafua viti. Fundi alimaliza upande mmoja, akateremsha viota na kwenda zake. Kesho yake msichana wa shule ya Jumapili akaniletea katoni. Ndani mlikuwa na makinda wawili wa njiwa, mmoja bawa limelegea. Akaniuliza, "Pasta, mama yao akirudi ataingilia wapi?"

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo akili ilikimbilia hesabu. Daktari wa mifugo alitaka shilingi 800. Na wiki hiyo tulikuwa tunachangia bili ya hospitali ya mama mmoja wetu. Nikamjibu mtoto, kwa sauti ya kiroho kabisa, ati watu kwanza, ndege baadaye.

Jioni nikaangalia mfuko. Ile 800 ilikuwa pale pale. Njiwa sikuwapa, na mama mgonjwa pia sikuwa nimemtumia. Kumbe nilimfanya mgonjwa kisingizio!

Je, huruma ni kama bajeti, kwamba ukitoa huku inapungua kule?

Katika Mathayo 10:29 shomoro wawili wanauzwa senti moja. Katika Luka 12:6 watano wanauzwa senti mbili. Piga hesabu: senti mbili ni za shomoro wanne. Wa tano ni nyongeza, kama ile dania mama mboga anakutilia juu. Bei yake ni sufuri. Lakini Yesu anasema hata huyo Mungu hamsahau. Ni kweli anaongeza kwamba sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Hakusema hivyo tupate kuwadharau ndege, alisema tusiogope. Na Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inakataza kumchukua mama wa ndege pamoja na makinda yake. Torati ilikumbuka kiota. Mimi nilitia sahihi bila kuuliza kama kuna kiota.

Asubuhi tulienda kwa daktari. Alifunga bawa, akatufundisha. Siku za kwanza kinda wa njiwa hulishwa na baba na mama, kwa maziwa yanayotengenezwa katika kifuko cha shingoni mwao. Mkate na maziwa ya ng'ombe havimfai. Usimmiminie maji mdomoni, yanaweza kuingia mapafuni. Mweke kwenye katoni yenye joto, mahali penye giza na utulivu, kisha umpeleke kwa anayejua. Akiumwa na paka, hata kama kidonda ni kidogo, anahitaji dawa haraka.

Yule wa bawa alikufa siku ya tatu. Mwenzake sasa anadonoa mtama mwenyewe. Na bili ya mama? Nilituma changu siku ile ile tuliyotoka kwa daktari. Mkono uliofunguka kwa njiwa haukuona shida kufunguka tena.

Mpendwa, kabla hujasema "watu kwanza," angalia mfuko wako. Hao watu umewapa?

Upande wa pili wa dari bado una makinda. Nimemwambia fundi angoje wiki nne au tano, waruke kwanza. Viti vitachafuka. Jumapili njooni mapema kidogo, na mje na vitambaa.