Hadithi na Uongo Si Ndugu

Wazazi kadhaa wametuletea swali moja, nalo lastahili jibu lisilo la haraka. Wanawaona watoto wao wa shule za sekondari wakisoma vitabu vya nchi zisizokuwako: majoka yasemayo, pete zenye nguvu za ajabu, vyombo viendavyo kati ya nyota. Wanauliza: Je, yafaa kijana Mkristo ailishe akili yake mambo ambayo hayakuwako, wala hayako, wala pengine hayatakuwako? Je, huko si kufundishwa uongo, na tena uchawi?

Na tuanze na neno lenyewe. Uongo ni nini? Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, na tangu mwanzo aliyatenga maneno ya mzaha akisema kwamba hayo si uongo, kwa kuwa sauti na hali ya msemaji zaonyesha wazi kwamba hana nia ya kudanganya. Basi neno lisilokuwa la kweli halitoshi kumfanya mtu kuwa mwongo. Yapasa pawe na nia ya kumpoteza mwenziwe. Asemaye "Paukwa", akajibiwa "Pakawa", hakumpoteza mtu. Amefungua mlango, na kila aingiaye ajua aingia wapi.

Wazee wa Usukuma wamesimulia tangu zamani habari za Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu wa nchi nzima, na za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Hakuna aliyeshika mkuki kwenda kumtafuta Shing'weng'we vichakani. Lakini mtoto aliyeisikia hadithi hiyo alilala akijua mambo mawili: kwamba uovu waweza kuwa mkubwa kuliko mtu, na kwamba hata hivyo neno la mwisho si lake. Hayo ni kweli tupu.

Tena Maandiko Matakatifu yenyewe hayaoni haya kutumia njia hii. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu asimama juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia watu habari za miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ikakataa, mti wa miiba ukakubali. Hakuna aliyemwuliza Yothamu ni lini miti ilisema. Walijua amsema Abimeleki, aliyejitwalia ufalme kwa kuwaua ndugu zake. Naye nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Daudi dhambi yake, alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Daudi alihukumu kwa haki kabla hajajua kwamba ajihukumu mwenyewe. Hii ndiyo kazi ya hadithi njema: hutupeleka mbali ili tujione kwa karibu.

Waandishi wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Huko Karama ashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi mema, na waliporudi wakalipwa kifungo. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote. Lakini Tanganyika ya siku zile ilikuwa chini ya wakoloni, na msomaji hakuhitaji kuambiwa ni watawala gani wasiopenda kuambiwa neno. Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alimpeleka mhusika wake kwa chombo cha angani hadi nchi ya mbali, katika kitabu chake Walenisi cha mwaka 1995. Ukilisoma jina hilo polepole utakuta ni maneno matatu: wale ni sisi. Na hapa ziwani petu, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vya safari kama za ndotoni. Hivyo si vya mtoto, wala si katekisimu. Vyauliza maswali mazito juu ya Mungu na mwisho wa dunia, navyo vyataka msomaji aliyekomaa.

Kwa wasomao Kiingereza twawasifia vitabu vitatu vya The Lord of the Rings (1954–1955), vya J. R. R. Tolkien, Mkatoliki aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Humo wakubwa wenye hekima waikataa pete ya enzi, kwa kuwa wajua kwamba nguvu isiyo na mpaka humharibu hata mwenye nia njema. Mzigo huo wachukuliwa na mdogo asiyedhaniwa. Walio wadogo zaidi wana vitabu saba vya Narnia, vya C. S. Lewis, vilivyotolewa kati ya mwaka 1950 na 1956.

Basi uongo wenyewe uko wapi? Uko kwa mganga amwambiaye mvuvi au mchimba dhahabu kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kitamletea utajiri. Hiyo nayo ni hadithi ya kubuni, tena mbaya kuliko zote, maana haina "Paukwa": imevaa nguo za kweli na kudai fedha. Kwa hadithi hiyo ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa waliuawa na kukatwa viungo, hasa tangu mwaka 2007, hata watoto wadogo wakaondolewa kwa wazazi wao ili walelewe chini ya ulinzi. Kwa hadithi kama hiyo vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu. Wauaji hawa hawakupotoshwa na Kusadikika. Waliamini hadithi, wasijue kwamba ni hadithi.

Hatusemi kwamba vitabu peke yake vitauondoa ushirikina. Wapo wasomi waendao kwa mganga usiku. Wala hatusemi kwamba kila hadithi ni njema. Ziko zinazoupamba ukatili, na ziko zinazomfanya msomaji auchukie ulimwengu ambamo Mungu amemweka, akaacha masomo, kazi na sala. Kila kitabu na kipimwe kwa maswali haya: Je, humo uovu unaitwa uovu? Je, mnyonge humo ni mtu, au ni kitu cha kutumiwa? Na msomaji akikifunga, je, amwona jirani yake vema zaidi kuliko alipokifungua?

Kwa hiyo, enyi wazazi, msikinyang'anye kitabu mkononi mwa mtoto kabla hamjajua kina nini. Mwambieni awasimulie jioni, kisha mwulizeni: Ni lipi hapa lililobuniwa, na ni lipi la kweli? Nanyi walimu na makatekista, msiziache hadithi za wazee zife pamoja nao. Mtoto aliyezoea kuulizwa swali hilo mbele ya Shing'weng'we atajua kuliuliza siku mtu atakapomjia na hirizi mkononi na kumnong'oneza jina la jirani yake.