Ukoo wa García na Swali la Karama

Pauline Viardot hakuchagua kuwa mwimbaji wa opera. Alizaliwa Paris tarehe 18 Julai 1821 katika nyumba ya akina García, na hamu yake ya utotoni ilikuwa piano. Franz Liszt alimfundisha kuipiga, Antoine Reicha akamfundisha kutunga. Mwaka 1836 dada yake, Maria Malibran, mwimbaji aliyegombewa na kumbi kubwa za Ulaya, alianguka kutoka juu ya farasi huko Uingereza. Aliendelea kuimba na maumivu yake, na Septemba mwaka huohuo akafariki Manchester akiwa na miaka 28. Pauline alikuwa na miaka 15. Mama yao Joaquina, naye mwimbaji, akaamua kwamba piano ikae kando na binti aimbe. Mwaka 1839 Pauline akapanda jukwaani London kama Desdemona katika Otello ya Rossini, nafasi ileile iliyokuwa imempa dada yake sifa.

Uamuzi wa mama huyo unagusa swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelivutania kwa karne nyingi: kipaji kinachojirudia ndani ya ukoo mmoja ni mali ya nani? Kama kimetoka kwenye damu, mwenye nacho hana cha kujisifia. Kama kimetokana na jasho lake, haieleweki kwa nini kizunguke nyumba moja na kuiruka ya jirani. Na kama ni karama ya Mungu, basi lazima ijulikane mwenye haki ya kuidai ni nani: aliyepewa, wazazi wake, au wasikilizaji. Ukoo wa García unafaa kupimia swali hili, kwa kuwa ndani yake kuna waliofanikiwa kwa sauti na kuna aliyeipoteza.

Baba, Manuel García, alizaliwa Sevilla mwaka 1775. Alikuwa teno, mtunzi na mwalimu, na Rossini aliandika nafasi ya Almaviva katika Il barbiere di Siviglia akiifikiria sauti yake. Opera hiyo ilifunguliwa Roma mwaka 1816. Mwaka 1825 alivuka bahari na familia nzima hadi New York, ambako tarehe 29 Novemba waliionyesha opera hiyohiyo, na kwa onyesho hilo Wamarekani wa mji huo wakaanza kusikia opera ya Kiitaliano ikiimbwa kwa lugha yake. Baba alikuwa Almaviva, Maria mwenye miaka 17 alikuwa Rosina, kaka yake Manuel alikuwa Figaro, na mama naye alikuwa na nafasi yake. Pauline, wa miaka minne, alikuwa kwenye msafara. Kutoka huko walikwenda Mexico, na wakati wa kurudi, njiani kuelekea Veracruz, majambazi wakawapora walichokuwa wamekichuma.

Kizazi kilichofuata hakikutoka nje ya muziki. Charles-Wilfrid de Bériot, mwana wa Maria, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa Maurice Ravel. Louise, binti wa Pauline, alitunga muziki. Paul, mdogo wake, alipiga fidla. Gustave García, mwana wa Manuel mdogo, aliimba na kufundisha, na mwanawe Albert vilevile.

Mtu akiisoma orodha hiyo, methali ya kwanza kumjia ni kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hoja ya damu ina nguvu yake, kwani umbo la koo, mapafu na sikio makini ni vitu vya mwili, na mwili hurithiwa. Lakini ikichunguzwa kwa karibu inaanza kuyumba. Pauline hakusifiwa kwa utamu wa sauti. Camille Saint-Saëns, rafiki yake wa miaka mingi aliyemtunukia opera ya Samson et Dalila, aliieleza sauti hiyo kuwa yenye ukakasi, akaifananisha na chungwa chungu. Sauti ya Maria nayo ilikuwa na sehemu dhaifu ambazo baba yake alizipiga msasa kwa ukali. Kilichowashika wasikilizaji kwa dada wote wawili ni namna walivyoitumia sauti: jinsi walivyoingia ndani ya mhusika, upana wa noti walizofikia, na akili ya muziki. Damu inaweza kueleza koo. Haiwezi kueleza kwa nini mwimbaji asimame pale panapotakiwa kimya.

Hapo methali nyingine inadai nafasi yake: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumba ya García ilikuwa shule kabla ya kuwa nyumba. Watoto waliamka na kulala wakisikia wanafunzi wakirudia mazoezi, na Pauline, kabla hajatimiza miaka 11, alikuwa akimpigia baba yake piano wakati wa masomo ya wengine. Kwa njia hiyo alisikia makosa ya kila mwanafunzi pamoja na dawa ya kila kosa. Baba alipofariki mwaka 1832 binti huyo alikuwa bado mtoto, ila masikio yake yalikuwa yamekwisha kuhudhuria madarasa ambayo wenzake waliyalipia. Simulizi za zama zile zinamtaja García kama mwalimu mkali mno kwa Maria, mwenye kumliza na kumwimbisha machozi yakimtoka. Pauline kwa upande wake alisema hakuuonja ukali huo. Malezi, kwa hiyo, hayakuwa mamoja hata ndani ya nyumba moja, jambo ambalo wanaoisifu nidhamu ya wazee hulipita haraka.

Mtu wa kupimia hoja zote mbili ni Manuel mdogo, aliyezaliwa mwaka 1805. Alikuwa na damu ileile, alipata malezi yaleyale, na aliimba Figaro New York akiwa na miaka 20. Hata hivyo sauti yake ilichoka mapema kwa kutumikishwa jukwaani kabla haijakomaa, na kazi ya kuimba ikamtoka mkononi. Angeweza kubaki kivuli cha baba na dada zake. Yeye akageukia swali ambalo waliobarikiwa sauti hawakulazimika kujiuliza, yaani sauti yenyewe inatokea wapi na kwa njia gani. Mwaka 1840 aliwasilisha utafiti wake kuhusu sauti ya binadamu kwenye Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu. Alikichovya kwenye maji ya moto ili kisishike ukungu wa pumzi, akakikausha, kisha akakiingiza mdomoni hadi kikagusa kimio. Kwa kioo cha pili mkononi aliunasa mwanga wa jua na kuuelekeza ndani ya koo lake mwenyewe. Akaona nyuzi za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Kifalme ya London ilisomewa taarifa yake, na madaktari wakalichukua wazo hilo kwa ajili ya kutibu koo. Kwenye kioo kile palionekana mikunjo miwili ya nyama, ya aina ambayo kila mtu anayo. Mahali penyewe ambapo wengi walidhani karama imefichwa hapakuwa na siri ya ukoo.

Uelewa huo aliutumia kwa wengine. Jenny Lind wa Sweden alipomjia mwaka 1841 na sauti iliyochakaa, Manuel alimwamuru kwanza anyamaze kwa majuma kadhaa, ndipo akaanza kumfundisha upya. Lind aliondoka akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne yake. Hakuwa na tone la damu ya García, lakini urithi wa García aliupata. Manuel alifundisha London hadi uzeeni, na alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 101.

Dini zina jibu lake, nalo halianzi na damu wala jasho. Katika Ukristo, Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho ni kitu gani walicho nacho ambacho hawakukipokea, na mfano wa talanta katika Mathayo 25 unamhukumu mtumwa aliyeifukia aliyopewa. Katika Uislamu, Qur'ani inawataja milima na ndege waliomsabihi Mungu pamoja na Nabii Daud, na baadhi ya wafasiri wa kale, akiwemo Zuhri kama anavyonukuliwa na Ibn Kathir, walisema kwamba nyongeza ya maumbile inayotajwa mwanzoni mwa Surat Fatir ni sauti nzuri. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba sauti nzuri ni ya kupewa. Ila hakuna upande uliomwachia mwenye sauti akae akisubiri. Msomaji wa Qur'ani hukaa miaka mbele ya mwalimu akirekebishwa pumzi na matamshi, na hakuna anayeona kwamba kufanya hivyo ni kutilia shaka karama ya Mwenyezi Mungu.

Falsafa ya karne ya 20 ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, alidai kwamba hakuna anayestahili vipaji alivyozaliwa navyo, na kwamba hata moyo wa kujituma unategemea sana bahati ya familia. Hoja hiyo inamhusu Pauline moja kwa moja: hakulichagua koo lake, wala baba mwalimu, wala utoto wa kukaa kwenye piano. Robert Nozick alijibu mwaka 1974 kwamba kutostahili kitu hakumpi mwingine haki ya kukichukua. Kipaji kinabaki cha mwenyewe. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini Rawls ndiye anayeieleza vizuri nyumba ya García. Anachokosa ni kumweleza Manuel, aliyepewa bahati yote ya familia, ikamponyoka, na bado akafika.

Linabaki suala la haki ya kukataa. Mama alimwamulia binti wa miaka 15, na kwa kipimo cha leo uamuzi huo ni mzito. Pauline alitii. Aliimba Fidès, mama mwenye uchungu, katika Le Prophète ya Meyerbeer mwaka 1849, na mwaka 1859 Berlioz aliirekebisha Orphée ya Gluck ili iendane na sauti yake. Nafasi hiyo aliiimba zaidi ya mara 100. Lakini mwaka 1863, akiwa na miaka 41, aliliacha jukwaa la Paris akahamia Baden-Baden, ambako alifundisha na kutunga, akirudia kazi aliyoitamani tangu utotoni. Opera yake fupi ya Cendrillon ilionyeshwa mwaka 1904, miaka sita kabla ya kifo chake. Karama ilimpa deni, hilo halina ubishi. Kosa la Joaquina lilikuwa kudhani kwamba mdai ni ukoo.

Pauline mwenyewe alionyesha mdai anapaswa kuwa nani. Mwaka 1855 alinunua London nakala ya Don Giovanni iliyoandikwa kwa mkono wa Mozart, opera ambayo baba yake aliionyesha New York mwaka 1826 kwa kuchochewa na Lorenzo Da Ponte, mwandishi wa maneno yake, aliyekuwa akiishi mjini humo. Aliitunza ndani ya sanduku maalumu nyumbani kwake. Rossini alipokwenda kuiona alitaka kuipigia magoti kama masalio ya mtakatifu. Tchaikovsky naye, mwaka 1886, aliondoka akijiona amekuwa mbele ya kitu cha kimungu. Pauline alikuwa na watoto wanne na wanafunzi wengi ambao angeweza kuwarithisha. Mwaka 1892 aliitoa kwa Konsevatori ya Paris, na leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.