UJIRA WA FUNDI NA NYUZI ZILIZOFICHWA UKUTANI



Ijumaa hii tujiulize jambo moja la nyumbani. Umemwita fundi akutilie umeme, mmevutana bei mpaka amekubali kidogo kabisa, kisha kazi imetoka mbovu. Dhambi ni ya nani? Wengi watajibu haraka: ya fundi. Mimi pia nilijibu hivyo.

Hapa Bukavu nilimwita kijana mmoja atie umeme katika vyumba vitatu. Aliomba dola 120, vifaa na kazi ya mikono pamoja. Nikamvuta mpaka 70. Nikampa 40 za kuanzia, 30 zikabaki. Jioni nilijisifu mbele ya mke wangu kwamba najua kupatana bei.

Wiki mbili baadaye, usiku, jiko la umeme likiwa linapika, ukuta ulio karibu na kitanda cha watoto ukaanza kutoa moshi. Tukakata umeme. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Tulipobandua simenti tukakuta uzi mwembamba, kama ule wa taa ya mezani, umeunganishwa kwa kusokotwa tu. Na penye fyuzi palifungwa kipande cha waya mnene, ndiyo sababu umeme haukujikata wenyewe.

Nikamwita kwa hasira, nikamwambia zile dola 30 asahau. Akajibu kwa heshima: “Baba, kwa dola 70, uzi mzuri ungemaliza pesa yote. Uliuliza bei, uzi hukuuliza.”

Ndugu msomaji, jibu hilo halimtoi fundi katika kosa. Kazi yake inafunikwa na simenti, mwenye nyumba haioni. Kwa hiyo ameshika amana. Alipaswa kusema wazi: kwa bei hii siwezi. Kunyamaza kwake ni udanganyifu.

Lakini mimi je? Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Tunadhani ni habari ya wauza unga na mafuta sokoni. Kumbe anayetaka kazi ya 120 kwa 70 naye ameshika mizani. Moyoni nilijua kuna kitu kitapunguzwa, ila sikutaka kujua ni kipi.

Mtu atasema: kupatana bei ni halali, na fundi aliridhia. Kweli. Lakini watoto waliolala kando ya ukuta ule hawakuwepo tulipopatana. Jirani pia hakuwepo. Tunajua Kadutu nyumba za mbao zilivyobanana: moto wa mmoja ni moto wa wote. Wawili hawawezi kuridhiana juu ya hatari itakayowaangukia wengine.

Na zile dola 30? Nilitaka kuzizuia ziwe adhabu. Baadaye nikaona nachanganya haki mbili. Fundi ana deni la kurekebisha alichoharibu, nami nina deni la ujira tuliopatana. Basi nilinunua uzi unaofaa, yeye akarudia kazi bila kuongezewa malipo, na siku ile ile alipomaliza nikamhesabia 30 zake mkononi.

Wanavyuoni wetu wanataka katika ijara kazi ijulikane na ujira ujulikane. Basi tushike haya:

1. Tenga pesa ya vifaa na pesa ya mikono. Bei ya mikono mnaweza kuvutana, unene wa uzi usipunguzwe. Kwa kawaida taa huwekewa uzi wa milimita za mraba 1.5, na prizi 2.5. Usisahau uzi wa ardhi, ule wa kijani na manjano.

2. Andikeni mapatano, hata kwenye karatasi ya daftari: vyumba vingapi, taa ngapi, prizi ngapi, malipo lini.

3. Tazama nyuzi kabla ukuta haujafungwa. Fundi mwaminifu hachukii kutazamwa.

4. Kazi ikikamilika, lipa siku hiyo. Neno “pita kesho” linamla fundi nauli na heshima yake.

Nawe fundi unayesoma karatasi hii: afadhali kukosa kazi kuliko kuacha moto ndani ya ukuta wa watu.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.