Pamba, Moto na Prosesa Iliyopoa

Seva inachemka. Prosesa imefika nyuzi 95, inajipunguzia kasi ili isiungue, na watumiaji wanalalamika kwamba mfumo umekuwa mzito. Fundi anatafuta toleo jipya la programu dhibiti ya ubao mama, analiflashi, yaani analiandika kwenye ubao, anaiwasha seva upya, na kipimo kinasoma 70. Wengi watasema kazi imekwisha na chanzo kimejulikana: programu ya zamani ilikuwa mbovu. Kazi huenda imekwisha kweli. Chanzo, hata hivyo, bado hakijajulikana, na kuyachanganya mambo haya mawili ni kosa ambalo mwanateolojia wa Kiislamu al-Ghazali alikwisha kulipambanua zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Mnamo mwaka 1095, akiwa Baghdad, al-Ghazali alimaliza kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Katika mjadala wa kumi na saba anauliza: pamba inapogusana na moto ikaungua, jicho limeona nini hasa? Limeona kuungua kukitokea pamoja na kule kugusana. Halikuona kwamba kugusana ndiko kulikounguza. Kwake yeye mtendaji ni Mungu. Mwanafalsafa David Hume, katika karne ya 18, alifika karibu na hapo kwa njia isiyo na dini. Mtu anaweza kuikataa theolojia ya al-Ghazali yote na bado akashindwa kuikwepa tofauti hiyo, kwa maana kuflashi hakuji peke yake. Seva imezimwa na prosesa imepata nafasi ya kupoa. Mipangilio ya feni na ya umeme, ambayo pengine mtu aliichezea zamani akasahau, imerudi ilivyotoka kiwandani. Kazi nzito iliyokuwa ikiendeshwa imekatwa katikati. Huenda kifuniko kilifunguliwa na vumbi likapulizwa. Yote hayo yametangulia ile 70, na jicho halina namna ya kuchagua moja kati yake.

Isitoshe, hata namba yenyewe inapaswa kuhojiwa. Kihisi kilicho ndani ya prosesa za Intel hakitoi joto moja kwa moja. Hutoa umbali uliobaki kufikia kikomo, na programu ndiyo inayoupunguza umbali huo kutoka kwenye kikomo ili ipate nyuzi za kuonyesha. Kikomo kikikosewa, kila kinachosomwa kinakosewa kwa kiasi hichohicho. Mwaka 2017 AMD ilieleza kwamba Ryzen 7 1700X na 1800X ziliripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, tena kwa makusudi, ili utaratibu wa feni ulingane na ule wa prosesa nyingine za familia hiyo. Kwa hiyo programu dhibiti inaweza kuishusha namba bila kulishusha joto. Kuna njia ya kuibana namba hiyo. Kama prosesa inakula wati zilezile, hewa inaingia na joto lilelile, na feni zinazunguka kwa kasi ileile, basi joto halisi haliwezi kushuka nyuzi 25 isipokuwa njia ya kulitoa kwenye silikoni imebadilika. Nayo programu haipaki pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa wala haikazi skrubu za bamba la kupozea. Namba ikishuka katika hali hiyo, kilichobadilika ni usemi wa kipimo.

Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu al-Ghazali kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe, na pingamizi hilo lina uzito hapa: fundi anayeshuku kila kiungo kati ya tendo na tokeo atatengenezaje chochote? Lakini al-Ghazali hakumwacha mtu gizani. Aliutaja yeye mwenyewe mfano wa mtu anayehofu kuwa kitabu alichokiacha nyumbani kimegeuka mnyama, akasema Mungu ametuumbia ujuzi wa desturi ya mambo, na ujuzi huo unatutosha tusihofu hivyo. Fundi hahitaji kuthibitisha ulazima. Anahitaji kujua ni desturi ipi iliyo mbele yake. Mwaka 1865 mwanafiziolojia Claude Bernard aliwataka watafiti wa tiba wafanye jaribio la kinyume: iondoe sababu unayoidhania, uone kama tokeo nalo linaondoka. Kwenye seva maana yake ni kurudisha toleo la zamani, kuacha mengine yote kama yalivyo, na kuipa prosesa mzigo uleule. Joto likirudi, na likashuka tena kwa toleo jipya, hapo pana haki ya kusema sababu.

Litakuja pingamizi la pili, nami naliona zito zaidi. Seva ya hospitali haisimamishwi ili fundi atosheleze falsafa yake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ubao unaweza usiwake tena, na mbao nyingine hukataa kabisa kurudi toleo la nyuma. Nakubali: jaribio si wajibu kila mara, na mara nyingine kulifanya ni uzembe. Wajibu ni kutodai ujuzi ambao jaribio hilo pekee lingeutoa. Aya ya 36 ya sura ya 17 ya Kurani inakataza kufuata jambo usilo na elimu nalo, na inataja sikio, jicho na moyo kuwa vitaulizwa. Kumbukumbu ya matengenezo ni ushahidi ambao mtu mwingine atautegemea. Ikiandikwa kwamba programu ndiyo iliyochemsha prosesa, anayefuata ataziflashi seva nyingine zote zenye joto, kila mara akiuweka ubao hatarini, huku pesti iliyokauka ikiendelea kukauka. Ikiandikwa kwamba namba ilishuka baada ya kuflashi, na kwamba feni, mzigo na hewa ya chumba havikulinganishwa, ataanza kwa kusoma wati na kufungua kifuniko.