Kila Chombo na Kadiri Yake

Wanangu, kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka huku Minnesota, simu huniletea habari ileile. "Shikamoo mzee. Nimepata boti ya alumini, futi 14, bei ya chini kabisa. Nataka kung'oa mabenchi yote, niweke sitaha mbele na nyuma, viti vya kuzunguka, betri tatu na mashine kubwa." Marahaba, mwanangu. Naitikia, kisha nasema niliyoyasema mwaka jana na mwaka juzi. Nimechoka, sifichi. Lakini maji ya ziwa Mille Lacs mwezi wa tano yana baridi ya kumkata mtu pumzi, na anayetumbukia humo hapati nafasi ya kuuliza alikosea wapi. Kwa hiyo nitasema tena.

Sina neno na hamu yenu. Boti hizi ni urithi mzuri wa nchi hii tuliyohamia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alumini iliyokuwa ikiundiwa ndege ilianza kuundiwa vyombo vya majini. Alumacraft walianza Minneapolis mwaka 1946, na Lund wakaanza katika mji mdogo wa New York Mills, humuhumu Minnesota, mwaka 1948. Alumini ni nyepesi, hailiwi na kutu kama chuma, na boti ya miaka arobaini yaweza kuwa nzima bado. Kijana anayeichukua, akaisafisha na kuirudisha majini, amefanya jambo la maana.

Neno langu ni moja tu: vya ndani ya boti vyote vinabadilika, kadiri yake haibadiliki. Keekee na rangi haviongezi hata kilo moja kwenye mzigo ambao chombo kile kiliundwa kuubeba.

Kadiri yenyewe imeandikwa. Tangu mwaka 1972, sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa boti ya kawaida ya mashine, iliyo chini ya futi 20, aibandike kibao kinachotaja mambo matatu: watu wangapi, uzito gani wa jumla ukijumlisha watu, mashine na vifaa, na nguvu kubwa kabisa ya mashine inayoruhusiwa. Wengi wenu hukibandua kibao hicho siku ya kupaka rangi kwa kuwa kinaharibu sura. Msikibandue. Kama kimepotea, tafuteni namba ya boti upande wa tezi, kisha mwulizeni mtengenezaji. Na mashine iliyozidi nguvu iliyotajwa pale msiifunge, hata mkipewa bure. Uzito wake unaididimiza tezi, na mwendo wake unazidi uwezo wa boti kugeuka salama.

Sasa hesabuni nami. Plaiwudi ya nusu inchi, bao zima la futi nne kwa nane, ina kilo kama 20. Mabao matatu ni 60. Betri kubwa ya asidi ya kuendeshea mashine ya umeme ina kilo kama 27, na mbili ni 54. Hapo mmepita kilo 110, wala hatujataja viti, mbao za kushikilia sitaha, tangi la samaki hai, wala kapeti, ambayo ikiwa kavu ni nyepesi na ikilowa ni nzito. Boti yenyewe ikiwa tupu huenda haizidi sana uzito huo. Mmewapakia abiria wasioonekana, na nyinyi bado mko ufukweni. Kila mnachokifunga kipimeni kwanza, muandike, mjumlishe, jumla hiyo mwitoe kwenye ile namba ya kibao. Kinachobaki ndicho chenu, nyinyi na nyavu zenu na chakula chenu.

Tena uzito haudhuru kwa wingi peke yake. Unadhuru pia kwa mahali ulipokaa. Manahodha wa majahazi kwetu hushusha shehena nzito chini kabisa, karibu na mkuku, na hawahitaji kuambiwa na mtu. Nyinyi mnafanya kinyume: mnajenga sitaha ya juu huko omo, mnaweka kiti chenye mguu mrefu, kisha mtu wa kilo 90 anasimama juu yake na kurusha ndoano kwa nguvu. Boti yenye tumbo jembamba haiwezi kuvumilia hayo. Ukitaka sitaha, iwe ya chini, na ukitaka kiti kirefu, kitumie ukiwa umeketi. Betri ziwekwe sakafuni, zifungwe kwa mikanda, zigawanywe mbele na nyuma ili boti isiinamie omo wala tezi.

Nakuja kwenye mabenchi, ambayo ndiyo mnayotaka kuyang'oa kwanza. Benchi la katikati linazishika mbavu mbili za boti zisifunguke zikipigwa na mawimbi. Na ndani yake mara nyingi mna povu, ambalo ndilo linaloifanya boti isizame moja kwa moja ikijaa maji. Futi moja ya ujazo ya povu zuri huinua karibu kilo 27. Ukilitupa kwa kuwa linakula nafasi, umetupa kitu pekee ambacho ungekishikilia usiku wa msiba. Ukilazimika kutoa benchi, mpate fundi wa kuunganisha pande mbili kwa mhimili mwingine wa alumini, na kiasi kilekile cha povu ukirudishe chini ya sitaha na ubavuni. Chagua povu lisilonyonya maji. La zamani likiwa limelowa, lipime, utashangaa. Na ujue kwamba petroli huyeyusha mbao za povu za polistirini, kwa hiyo tangi la mafuta likae mbali nalo.

Kabla ya kununua chochote, jueni mnachoanzia. Boti ikiwa juu ya trela, mimineni maji ndani, inchi chache tu maana maji ni mazito, kisha mpite chini na chaki mkitia alama kila ribiti inayodondosha. Ribiti iliyolegea hugongwa upya na watu wawili, mmoja na nyundo, mwenzake na chuma kizito upande wa pili. Iliyokufa hutolewa, ikawekwa nyingine ya alumini. Kumwaga silikoni juu yake ni kuahirisha kazi. Kisha shikeni mguu wa mashine mwuinue na kuushusha taratibu. Tezi ikicheza, plaiwudi iliyo ndani yake imeoza, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya viti na taa. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Na hapo kwenye mbao ndipo wengi wanapoliharibu bati la boti wakidhani wanalitunza. Wanaingia dukani, wananunua mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, kwa kuwa zinaonekana ndizo imara. Tangu mbao za dawa ya aseniki zilipoondolewa katika matumizi ya nyumbani huku Marekani, mwisho wa mwaka 2003, dawa zilizoshika nafasi zina shaba nyingi. Alumini ikigusana na shaba penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Maji matamu ya maziwa hupunguza kasi tu. Utainua sitaha miaka michache baadaye ukute unga mweupe na matundu. Chukueni plaiwudi ya kawaida ya nje au ya majini, muipake epoksi pande zote na kwenye kila tundu la skrubu. Rangi ya chini yenye shaba msiitumie. Skrubu za chuma kisichoshika kutu ziwekewe wasa za nailoni na mafuta ya kuzitenga na bati. Hata senti ya Marekani, ambayo nje imepakwa shaba, msiiache ikalala kwenye ngama. Na kapeti iliyolowa ikishikamana na alumini miezi mingi huila bati vilevile. Afadhali raba inayoinuliwa na kuanikwa.

Umeme niuseme kwa ufupi. Gari hutumia bodi lake kuwa njia ya kurudishia umeme. Boti ya alumini isifanywe hivyo hata siku moja, maana umeme unaotembea kwenye bati utalila. Kila kifaa kiwe na waya wa kwenda na waya wa kurudi hadi kwenye betri. Tumieni nyaya za shaba zilizopakwa stani, zipite mahali pasipo ncha kali. Fyuzi ikae karibu na betri. Mafundi wa boti huku huhesabu sentimita 18 kuwa ndio mwisho. Fyuzi iliyo mbali haiulindi waya ulio kabla yake, na moto katikati ya ziwa hauna pa kukimbilia.

La mwisho ni la mwili wenu. Katika ripoti za kila mwaka za walinzi wa pwani wa Marekani, wanane na zaidi katika kila kumi waliozama hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Mara nyingi jaketi lilikuwemo, chini ya kiti. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 alivae boti inapotembea. Mimi nawaomba mlivae wote, na baba avae kwanza ili mtoto asibishe. Kamba ya kuzimia mashine ivaliwe mkononi au kiunoni. Tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti nyingi za mwendo kasi zilizo chini ya futi 26, katika maji ya mamlaka ya shirikisho. Dereva akirushwa nje, boti isiyozimika huzunguka na kumrudia.

Mkimaliza kazi, msiende katikati ya ziwa. Ingieni majini karibu na ufuko, penye kina cha kiuno, mashine imefungwa, tangi limejaa, kila mtu na jaketi lake. Kaeni, kisha msimame, kisha mwegemee upande mmoja polepole, na mmoja wenu aliye nje atazame ukingo umebaki juu ya maji kiasi gani. Ukingo ukiyakaribia maji, msibishane nao. Toeni betri moja. Ikiwa bado, toeni sitaha ya mbele, ingawa mliitolea jasho. Ikiwa bado, rafiki mmoja ashuke, apande safari ya pili. Kuamua kinachobaki nchi kavu ndiyo kazi ya nahodha, na haiwezi kufanywa mkishafika kilindini.